Nini maana ya nyenzo inayonyonya sauti ndani ya gari?

Nyenzo inayonyonya sauti ni ile ambayo wimbi la sauti likiingia ndani yake, hewa iliyomo katika vitundu vyake hutikisika na kusuguana na kuta za vitundu hivyo, hata nguvu ya sauti ikageuka kuwa joto dogo lisilohisika. Ndiyo maana sponji yenye vitundu vinavyofunguana, nyuzi za polista na pamba chakavu iliyoshindiliwa hufaa kwa dari, milango na chini ya zulia, ilhali sponji ya vitundu vilivyofungwa, hata ikiwa nene, hunyonya kidogo kwa kuwa hewa haipiti.

Uwezo huo hupimwa kuanzia 0 hadi 1: bati tupu hukaribia 0, na dirisha lililo wazi, ambalo sauti hulipita isirudi, huhesabiwa 1. Hata hivyo kipimo hubadilika kulingana na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 1000 lina urefu wa sentimita 34, na la hezi 100 lina mita 3.4. Nyenzo ya unene wa sentimita 2 hupunguza vizuri mlio wa upepo na mchakacho wa matairi, lakini mngurumo mzito wa injini hupenya kana kwamba nyenzo hiyo haipo. Mngurumo huo hudai uzito: mkeka wa lami uliobandikwa kwenye bati hutuliza mtetemo, na tabaka zito la mpira huzuia sauti isipenye. Kuzuia si kunyonya.

Kwa Lubumbashi, mimi hutazama kwanza vumbi na maji. Vumbi jekundu la kiangazi huziba vitundu, na mvua zinazoanza Oktoba au Novemba huingia kupitia mipira ya milango iliyochakaa. Sponji ikilowa hukaa na maji, na bati la chini likaota kutu. Kwa hiyo sakafuni napendelea polista, ambayo nyuzi zake hazifyonzi maji kwa urahisi na hukauka upesi, kuliko vipande vya sponji ya godoro, hata kama bei yake inavutia. Sponji hiyo isipotiwa dawa ya kupunguza moto huwaka haraka na kutoa moshi wenye sumu. Kanuni ya Marekani, FMVSS 302, hairuhusu nyenzo za ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Asiyeonyeshwa karatasi ya vipimo na aombe kipande kidogo, akishike kwa koleo na kukiwasha mahali pa wazi, mbali na gari. Kikiendelea kuwaka kwa kasi, asinunue.