Kukosa jibu si kufeli

Jamani, hii ya "simu haikupata jibu kwa hiyo muamala haukufanyika" nimeisikia tena wiki hii, tunapitia programu ya kutuma pesa, na aliyesema ni developa mzoefu kabisa. Hapana! Jibu lisiporudi, huenda ombi limepotea njiani, au limefika kwenye seva (kompyuta ya huduma inayokata pesa) na bado inalishughulikia, au kazi imeshaisha, pesa imeshakatwa, kilichopotea ni jibu tu. Ukiwa upande wa simu yote matatu yanafanana.

Na kwenye simu ndo balaa zaidi, maana mtu anatembea, anatoka kwenye waifai anaingia kwenye data, anwani ya IP (utambulisho wa simu kwenye mtandao) inabadilika, koneksheni ya TCP, yaani mawasiliano yaliyofunguliwa kati ya simu na seva, inakufa hapo hapo na seva haina habari, inaendelea kukata pesa. Halafu skrini inaandika "Imeshindikana, jaribu tena", mtu anabonyeza, pesa inatoka mara mbili.

Wanasayansi wa kompyuta Fischer, Lynch na Paterson walishathibitisha 1985 kwamba ujumbe ukiweza kuchelewa bila kikomo na hata mashine moja tu ikiweza kufa, hakuna algorithimu (utaratibu wa hatua za kompyuta) isiyotumia bahati nasibu itakayohakikisha mashine zinafikia makubaliano. Mzizi ni huu huu: aliyekufa na aliyechelewa huwezi kuwatofautisha.

Dawa wengi wanaijua, kila ombi lipewe namba yake. Sawa, ila namba inatengenezwa wapi? Kinachonikera ni programu inayotoa namba mpya kila kitufe kikibonyezwa, sasa hapo seva itajuaje kama ni ombi lile lile? Namba itoke kwenye simu, mara moja tu, ihifadhiwe kwenye diski kabla hujatuma chochote (programu inaweza kuuawa katikati), na kila ukirudia utume ile ile. Kwenye seva, kuandika namba na kukata pesa viwe ndani ya transakisheni moja ya databesi, vyote viingie au vyote visiingie. Namba ikirudi, toa jibu la mwanzo.

Usubiri jibu sekunde ngapi kabla ya kurudia ombi? Mimi naangalia vipimo nachagua, kesho mtandao unabadilika, zile sekunde nilizochagua zinakuwa kichekesho, na sijawahi kuridhika nazo. Hata namba za maombi zitunzwe kwenye seva siku ngapi sijui, maana simu inaweza kuzimwa wiki nzima ikarudi na ombi la zamani.

Ila ile "Imeshindikana" itoeni leo. Andikeni "Bado hatujapata jibu, tunafuatilia", halafu programu yenyewe iiulize seva kwa ile namba.