Kutoka kwenye gesi hadi jotoardhi, jiwe likiwa mkononi

Nilisoma jiolojia Mlimani nikiamini kwamba kazi yangu yote itakuwa kwenye gesi asilia, kwa kuwa gesi ya Songo Songo ilikuwa imeanza kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004, na wengi wa rika langu walitamani kazi hiyo. Niliipata, nikachambua miamba ya visima kwa miaka kadhaa.

Kilichonigeuza nikaingia kwenye jotoardhi, yaani joto la ardhini linaloweza kuzalisha umeme, ni safari ya Mbeya, kwenye chemchemi za maji moto za Songwe, ambako maji yanapotoka huacha tabaka juu ya tabaka la chokaa. Nilipookota kipande kimoja nilitambua kwamba maswali yake ni yale yale ya gesi: maji yametoka wapi, yamepita kwenye nyufa zipi, na ni tabaka gani la mfinyanzi linaloyafunika huko chini.

Siku hizi nawafundisha vijana wa nishati jadidifu hapa Dar es Salaam, na kipande hicho huwa mezani. Mwanafunzi hudondosha tone la asidi hafifu, povu likachemka, nami hueleza kwamba hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye chokaa. Jiwe lingekuwa la silika, madini yale yale ya mchanga na kioo, lisingetoa povu, na tungekuwa na sababu ya kutarajia joto kali zaidi ardhini, kwa sababu silika huyeyuka kwa wingi katika maji ya moto sana, kisha hujitenga yanapopoa juu. Mhandisi anayeujua utofauti huu, kwa maoni yangu, ataisoma ripoti ya uchorongaji, yaani uchimbaji wa visima virefu, kwa macho mengine kabisa.

Binti mmoja aliyesomea umeme aliniuliza kwa nini tusichoronge pale pale maji yanapotokea. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Maji moto huweza kusafiri kwa upande kilomita nyingi kutoka kwenye chanzo cha joto, hivyo kisima kilichochimbwa kando ya chemchemi huweza kuwa cha moto karibu na uso wa ardhi, kisha kikapoa kadiri unavyoshuka. Nilimpa chaki achore mwenyewe: volkano, ambayo ndiyo chanzo cha joto, kushoto, chemchemi kulia, na mshale wa maji katikati. Kisima akakiweka kushoto.