Anayejiuma si mkaidi, wala hana jini

"Ana jini huyo, mpelekeni akasomewe." Hapa kwetu Ngamiani hilo ndilo neno la kwanza majirani wakimwona mtu mwenye ulemavu wa akili akijigonga kichwa ukutani. Dua haina ubaya. Ubaya ni kuishia hapo, kumbe asiyeweza kusema pengine sikio linamuuma, jino limetoboka au choo kimemkaukia. Mpelekeni hospitali kwanza.

Wengine watakwambia ni ukaidi, dawa yake kiboko. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake, kule Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto na vijana 9 waliokuwa wakijiumiza. Waliwatazama wakipewa kazi, wakijaliwa kila wanapojiumiza, wakiwa peke yao na wakicheza. Ikaonekana sababu hazifanani: huyu anakwepa kazi, yule anatafuta kuangaliwa, mwingine hujiumiza hata pasipo mtu. Sasa anayetaka kuangaliwa ukimfokea, si umempa alichokitaka? Na anayekwepa somo ukimtoa nje kumwadhibu, umempumzisha.

Mpwa wangu ana miaka 19, hasemi. Alikuwa akijiuma kiganja hadi damu itoke, wakati wa kula. Wiki nzima tuliandika kwenye daftari: kabla ilikuwaje, akafanya nini, kisha sisi tukafanya nini. Daftari likatusuta. Alikuwa akijiuma akishashiba, na dada akiona damu huondoa sahani. Tukaweka kizibo chekundu cha soda mezani, tukawa tunamshika mkono hadi akiguse, na akikigusa tu sahani inaondoka papo hapo. Ni njia ileile waliyoiandika watafiti Carr na Durand mwaka 1985: mfundishe namna nyingine ya kuomba kilekile anachokitaka.

"Mpuuze, ataacha mwenyewe." Hapana. Tabia iliyozoea kulipwa, ukikata malipo ghafla, huweza kupanda kwanza ndipo ishuke, na anayejiumiza haachwi avuje damu. Hapo atafutwe mtaalamu.

Vidonge? Huwatuliza baadhi yao, kwa usimamizi wa daktari, lakini kidonge hakimfundishi mtu kusema "basi".

Na wale waliotuambia kijana ameshakomaa, hafundishiki tena, wangemwona juzi. Alikula nusu ya wali, akagusa kizibo kwa kidole kimoja, akainuka kwenda zake barazani. Dada alibaki na mwiko mkononi, analia.