Wabaptisti wa Myanmar: yanayosemwa na yaliyotokea

Myanmar, iliyokuwa ikiitwa Burma, ni nchi ya Wabudha. Sensa ya 2014 iliwahesabu kuwa karibu asilimia 88 ya wananchi, Wakristo wakiwa asilimia 6 na ushee. Hata hivyo Jumuiya ya Wabaptisti wa huko ina waumini zaidi ya milioni moja, na kuna majimbo ya milimani ambako kanisa ndilo jengo kubwa la kijiji. Habari zao husimuliwa sana mimbarini, hasa za mmisionari Adoniram Judson, na katika kusimuliwa zimepinda hapa na pale.

"Judson alitumwa na Wabaptisti wa Marekani." Hapana. Alipopanda meli Februari 1812 na mkewe Ann, walikuwa waumini wa kanisa jingine, la Kikongregesheni, linalobatiza watoto wachanga. Njiani Judson alijifungia na Agano Jipya la Kigiriki akitafuta hoja za kuwajibu Wabaptisti Waingereza waliokuwa wamemtangulia India. Hoja hakuziona. Septemba mwaka huohuo, wakiwa Calcutta, wakabatizwa kwa kuzamishwa majini, na hapo wakawa wamejikatia mfadhili wao wakiwa ugenini. Mwenzao Luther Rice akarudi Marekani kuchangisha fedha kanisa kwa kanisa, na 1814 Wabaptisti wa huko wakaunda chombo chao cha kwanza cha kitaifa ili kuwategemeza watu waliokwisha kufika Rangoon, mji wa bandari wa Burma, tangu Julai 1813.

Kwa maneno mengine, Burma ndiyo iliyowakutanisha Wabaptisti wa Marekani. Utumwa ukaja kuwatenganisha 1845. Wale wa Kusini waliojitenga ndio waliokuja kuleta wamisionari Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Wa Kaskazini walibaki na Burma, na 1884 wakapokea pia kazi ya Congo. Mbaptisti wa Mbeya na mwenzake wa Matadi wote wana ujamaa na yule wa Rangoon, ila kwa matawi tofauti.

"Dini hii iliingia na bendera ya Mwingereza." Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo isifichwe. Mwaka 1813 Burma ilikuwa na mfalme wake mwenyewe, na Judson aliishi chini ya mfalme huyo, si chini ya gavana. Vita vya kwanza na Waingereza vilipozuka 1824, wazungu wa mji mkuu wa Ava walishikwa wote kama majasusi, Mmarekani na Mwingereza bila kubagua. Usiku wafungwa walipitishwa mti katikati ya miguu iliyofungwa pingu, kisha mti ukainuliwa hadi mabega tu ndiyo yaguse sakafu. Ann, akiwa mjamzito, alizunguka kwa maofisa akiwabembeleza na kuwapa zawadi mume wake apate chakula. Inasimuliwa kwamba hati ya tafsiri ya Agano Jipya aliishonea ndani ya mto wa kulalia, mgumu kiasi kwamba hakuna mlinzi angeutamani. Ann alifariki Oktoba 1826, miezi michache tu baada ya vita kwisha.

Nusu ya pili ni hii: Waingereza walipoendelea kumega nchi, 1826, 1852 na hatimaye 1885, makanisa yalistawi zaidi upande wao. Mwaka 1886 Wakristo wa Karen, mojawapo ya makabila madogo ya nchi hiyo, walipewa silaha kusaidia kuzima uasi dhidi ya wakoloni, na wamisionari waliunga mkono. Wabama wengi, yaani watu wa kabila kubwa la nchi, hawajasahau.

"Wazungu ndio walioieneza injili." Hili ndilo linalonikera zaidi, maana linafuta majina ya wenyewe. Judson alingoja miaka 6 kumpata muumini wa kwanza, Maung Nau, aliyebatizwa Juni 1819. Kazi yake kubwa ilikuwa ya mezani: Biblia nzima ya Kiburma, aliyoikamilisha 1834 na ambayo bado inasomwa, pamoja na kamusi. Aliyewasha moto kwa watu wa Karen ni Ko Tha Byu, jambazi wa zamani aliyekiri kuhusika na mauaji ya watu wapatao 30, aliyekombolewa kutoka utumwa wa deni. Alibatizwa mjini Tavoy Mei 1828. Alijifunza kusoma ukubwani, akatembea kijiji kwa kijiji hadi kifo chake 1840.

Wakaren walikuwa na simulizi ya Muumba aitwaye Y'wa na ya kitabu kilichopotea ambacho ndugu mdogo mweupe angekirudisha. Wanazuoni wanabishana ni kiasi gani wamisionari waliipamba simulizi hiyo, lakini hata tukiipunguza, haimwondoi Ko Tha Byu njiani. Makanisa ya Wakaren wa Bassein yalikuja kujitegemea kwa fedha zao, na miaka ya 1870 yakatuma mwinjilisti wao kwa Wakachin, mbali kaskazini karibu na China. Wakachin 7 wa kwanza walibatizwa 1882. Jirani alimpelekea jirani.

"Kila Mkaren ni Mkristo." Wengi wao ni Wabudha. Mwaka 1994 wapiganaji Wabudha walijitenga na jeshi la waasi wa Karen wakilalamikia uongozi uliotawaliwa na Wakristo.

"Wamisionari walipofukuzwa, kanisa lilikufa." Serikali ya kijeshi ya Jenerali Ne Win ilitaifisha shule na hospitali za misheni, na 1966 wamisionari wa kigeni wakaondoka. Mimbara zilikwisha kuwa mikononi mwa wenyeji, na chuo cha theolojia cha Wakaren kilikuwapo tangu 1845. Kuanzia 1978 Wakachin walituma vijana 300 wa kujitolea kwa miaka 3 kwenda kuhubiri vijijini, bila senti ya Marekani kuwaongoza.

"Ni wafuasi wa Yohana Mbatizaji, na huamini maji huokoa." Ubaptisti ulianza na Waingereza waliokimbilia Amsterdam, 1609. Kwao ubatizo ni ushuhuda wa mtu aliyekwisha kuamini; ndiyo maana mtoto mchanga hahusiki. Askofu hawana. Jumuiya ya kitaifa, iliyoanzishwa 1865, huunganisha jumuiya za makabila na lugha, lakini haina mamlaka ya kumhamisha mchungaji wa kijijini. Ushirika wenyewe humwita, na ndio humlisha.

"Kanisa ni tawi la waasi." Waumini wamo kwenye majeshi ya Karen na Kachin, kweli, na tangazo la 1961 la kuufanya Ubudha dini ya taifa liliwachoma Wakachin. Lakini kanisa lina viongozi wake na vikao vyake. Jeshi la serikali halitaki kusikia tofauti hiyo. Mchungaji Hkalam Samson, aliyekuwa rais wa Wabaptisti wa Kachin, alikamatwa uwanja wa ndege wa Mandalay Desemba 2022 na kuhukumiwa miaka 6 kwa mashtaka yaliyojumuisha ugaidi. Aprili 2024 aliachiwa kwa msamaha, akachukuliwa tena baada ya saa chache tu, na hakuwa huru hadi Julai.