Kilo 15: kwa nini kwenye ndege ndogo hata abiria hupimwa

Ukipanda ndege ndogo kutoka Kigoma kwenda hifadhi ya Mahale au Katavi, usishangae ukiambiwa upande mizani wewe mwenyewe, begi mkononi. Hakuna anayekudharau mwili. Rubani anatafuta uzito wa kuruka, yaani jumla ya ndege, mafuta, watu na mizigo pale magurudumu yanapoachana na ardhi.

Chukua Cessna Caravan, pangaboi ya injini moja inayotumika sana kwenye safari za mbugani na visiwani. Kikomo chake kinakaribia kilo 4,000, na zaidi ya nusu ni ndege yenyewe. Kinachobaki, mafuta na abiria wanagombania. Lita 500 za mafuta ni kama kilo 400, sawa na watu watano wa kilo 80. Viwanja vya porini mara nyingi havina mafuta, kwa hiyo ndege huondoka imebeba ya kwenda na ya kurudi. Ndiyo maana kampuni nyingi hukupa kilo 15 tu za mizigo, begi la mkononi humohumo, tena kwenye begi laini: sanduku gumu la magurudumu halikunjiki kuingia kwenye tumbo la ndege.

Jua nalo lina sehemu yake. Hewa ikipata joto hutanuka, bawa likakosa cha kushika. Zanzibar iko usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu yake, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Ndege ileile yenye mzigo uleule, saa saba mchana Tabora, itakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka.

Halafu kuna mlingano. Uzito ukizidi nyuma, pua inapanda isipotakiwa. Rubani akikwambia, "Mzee, njoo mbele," nenda tu.

Mama yangu mdogo alifika uwanjani na dumu la mawese la lita 20, zawadi ya kuwapelekea ndugu zake wa Tabora. Mawese peke yake yalikuwa kilo 18 hivi, bado dagaa. Akafungua kibindo alipie. Wakati mwingine hilo linawezekana, kuna hata wanaonunulia mzigo kiti kizima, lakini siku hiyo viti vilikuwa vimejaa. Yeye akaruka na dagaa. Dumu likapanda treni.