Soma taji kwanza, halafu geuza nyuma

Watu wakiniletea beji ya afisa wa zamani huniuliza bei. Mimi huuliza taji likoje.

Katika jeshi la Kiingereza, na King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki, ikiwemo, luteni alivaa nyota mbili begani, kapteni tatu, na meja taji moja. Tazama matao ya hilo taji. Yakipanda na kuviringa kwa juu, ni la enzi za wafalme, 1901 hadi 1952, au la Mfalme Charles, tangu 2022. Yakibonyea katikati, ni la Malkia Elizabeth, yaani 1953 hadi 2022. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba taji lake lililobonyea liliangushwa na afisa wa Kiingereza siku walipowanyang'anya Wajerumani Mwanza, Julai 1916, mpe chai, msikilize mpaka mwisho, hela usimpe.

Nyota nayo ina mengi. Iweke juani uitazame kwa lenzi: katikati kuna mataji matatu madogo, yamezungukwa na maneno ya Kilatini, TRIA JUNCTA IN UNO. Kwenye nakala za kumimina, yaani bandia za madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, herufi hizo huwa zimelegea kama sabuni iliyolala majini. Sasa geuza. Beji ya kofia iliyogongwa kwa mtambo kutoka bati jembamba huonyesha mgongoni umbo lilelile likiwa limebonyea. Ya kumimina mara nyingi ina vitundu vidogo vidogo na mgongo bapa. Vifungo huwa na jina la mtengenezaji, Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham. Jina peke yake lisikulevye, maana anayeghushi beji hashindwi kughushi jina.

Kinachonitoa jasho ni alama za sare za sherehe, zile zilizodariziwa kwa nyuzi za fedha zilizopakwa dhahabu. Unyevu wa ziwa hapa Mwanza hauzipendi kabisa. Usizifue, usizisugue, wala usizifunge kwenye nailoni. Zilaze kwenye karatasi isiyo na asidi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wauza viatu wa Makoroboi, hapa mjini, wanavitupa tu. Vitu vya mpira viweke mbali, kwa sababu salfa yake huigeuza fedha kuwa nyeusi. Na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kwenye kifungo cha afisa ni uharibifu: ile dhahabu ni utando tu, ukisugua unabaki na shaba.

Alama za JWTZ, jeshi la Tanzania la leo, sikusanyi, na nakushauri usiziguse. Raia kuvaa sare au alama za jeshi bila idhini ni kosa la jinai.

Ninazozitafuta kuliko zote ni za Tanganyika Rifles, iliyotokana na batalioni za KAR za hapa nchini uhuru ulipopatikana 1961, ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Jeshi la miaka miwili na ushei haliachi beji nyingi. Kama ipo kwenye sanduku la babu, nitumie picha za mbele na nyuma, kabla mtu hajaisugua.