Kibuyu si tunda la mbuyu

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, safari hii katika soko moja hapa Mwanza, nimemsikia mtu akimweleza mwenzake kwamba vibuyu vya maziwa huokotwa chini ya mibuyu, na kwamba vile vidogo ni vya mibuyu michanga. Kibuyu ni chombo kinachotengenezwa kwa mumunye lililokomaa, likakaushwa na kutolewa mbegu. Mumunye nalo ni tunda la mmumunye, mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na boga, tango na tikiti. Likiwa changa huliwa kama mboga.

Kosa hili limezaliwa na lugha yenyewe. Mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, na unga mweupe ulioshikamana na mbegu zake ni ubuyu, ule unaotiwa sukari na rangi na kuuzwa kwa watoto (na ambao siku hizi umekuwa pia jina la umbea). Mtu akiongeza kiambishi ki- cha udogo, hupata kibuyu, yaani buyu dogo, na kwa upande wa umbo la neno hajakosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba buyu lina maana mbili: ni tunda la mbuyu, na pia ni chombo cha ganda kavu, liwe la tunda hilo au la mumunye. Kibuyu kinafuata maana hii ya pili. Kiambishi hupunguza ukubwa wa chombo tu, wala hakisemi ganda limetoka mmea gani.

Mkono hauwezi kukosea hapa. Ganda la buyu lina vinyweleo kama mahameli, ilhali la mumunye ni laini, jepesi, na mara nyingi lina shingo. Shingo hiyo ndiyo hushikwa maziwa ya mgando yanaposukwasukwa mpaka siagi ijitenge, na mumunye likipasuliwa kwa urefu, shingo hugeuka mpini wa kata ya kuchotea maji mtungini, au ya kutolea maji yaliyoingia mtumbwini, kazi ambayo sasa imechukuliwa na dumu la plastiki lililokatwa.

Kwa hiyo anayetaka kuotesha vibuyu vyake aombe mbegu za mmumunye, azipande mvua zinapoanza, naye atavuna msimu huohuo. Akipanda za mbuyu, maziwa yatamsubiri miaka mingi sana.